Diski ya Mashujaa

Makasha hakuwa mtu mbaya, na waliomsema hivyo walimwonea. Ubaya unataka mtu awafikirie wenzake. Makasha alifikiria makasha.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti na kinywani mwa mkewe siku za ugomvi. Mtaa mzima, kuanzia muuza vifuniko vya simu hadi yule wa kuchapisha kadi za harusi, ulimjua kwa hilo la Makasha. Alikuwa fundi wa kompyuta. Upande wa mbele wa duka lake palikuwa na meza iliyojaa mashine zilizoachwa matumbo wazi, bisibisi za kila ukubwa, feni iliyokuwa ikilalamika mwaka mzima, na kiti cha mteja chenye mguu mmoja mfupi, ambacho hakukitengeneza kwa makusudi ili mteja asizoee kukaa. Huko ndiko alikotafutia riziki. Upande wa nyuma palikuwa na chumba kisicho na dirisha, na ndani yake kabati la vioo lililoshika ukuta mzima, lenye kufuli. Huko ndiko alikoishi.

Kabatini mlikuwa na michezo ya kompyuta ya zamani. Ile ya magari na mipira aliidharau. Yake ilikuwa ile ya mashujaa. Kwa asiyeijua ni hivi: unaunda kikosi cha watu, unawapa majina na kazi, huyu mpiga upanga, huyu mganga, huyu mwizi wa kufungulia makufuli, kisha unawaongoza mapangoni na majangwani. Wanapigana na majitu, wanaumia, wanapona, wanapata nguvu, na safari moja inaweza kula mwaka mzima. Siku hizi mchezo unashuka kwenye simu kabla chai haijapoa. Zamani zile ulikuja ndani ya kasha kubwa la karatasi ngumu lenye picha ya joka, na ndani mna diski, kitabu kinene cha maelezo, na ramani ya nchi isiyokuwepo duniani.

Watu waliovitupa vitu hivyo ujanani walikuja kuvililia walipoota mvi. Wakahitaji mtu wa kuwaambia lipi kasha la kweli na lipi la kughushi, lipi limetimia na lipi limechomolewa ramani. Mtu huyo alikuwa Makasha. Wengine walimtumia picha kutoka mbali, wengine walimletea kwa mkono. Yeye hukaa na taa yake, akanusa karatasi, akapapasa kona, akachungulia gundi ya ndani, maana gundi ya zamani hugeuka rangi ya chai na ya waghushi hubaki nyeupe. Halafu hutoa hukumu. Hukumu zake zilikuwa kamili, pungufu na takataka, na hakuna aliyekata rufaa. Katika kundi la wakusanyaji kwenye simu neno lake lilikuwa la mwisho, na tusifichane, kichwa kilimvimba.

Ila Makasha mwenyewe hakucheza. Ukimuuliza mara ya mwisho kucheza ilikuwa lini, alikutazama kama umemuuliza muuza majeneza mara ya mwisho kujilaza humo ilikuwa lini.

"Mchezo ni kasha," alikuwa akisema. "Ukiucheza unauchakaza."

Na kwenye rafu ya katikati, usawa wa macho, aliacha pengo. Wageni walidhani pamewekwa kwa ajili ya saa. Mkewe alijua kwamba hapo palikuwa pakisubiri kasha lililo kwa mdogo wa mumewe.

Zamani, kabla hawajaoa, ndugu hao wawili walipanga chumba kimoja chenye kitanda kimoja cha kupokezana. Makasha alikuwa akijifunza ufundi mchana, mdogo wake akioka mikate usiku kwenye kiwanda cha mikate. Mmoja akirudi, mwingine anatoka. Walichanga wakanunua kompyuta iliyokwishatumika na mchezo mmoja wa mashujaa sita, watatu wa kaka na watatu wa mdogo. Walicheza kwa zamu, kila mtu saa zake, kikosi kile kile, safari ile ile. Yote waliyoyafanya yalihifadhiwa kwenye diski moja iliyokuja ndani ya kasha, imeandikwa juu yake diski ya mashujaa.

Kwa kuwa hawakuonana, wakaanza kusemezana humo humo. Mchezo ulikuwa na nyumba ya wageni, na ukimpeleka shujaa pale uliweza kumbadilisha jina. Basi Makasha anarudi kutoka kazini, anawasha mashine, anamkuta mpiga upanga wake, ambaye jana alikuwa Radi, leo anaitwa OSHA SUFURIA. Naye anajibu: mganga wa mdogo wake anageuzwa ZAMU YAKO. Siku mama yao alipolazwa, Makasha alizipata habari kwa jina la shujaa, akatoka mbio na viatu vya kuvaa nyumbani. Siku mdogo alipopata mchumba, mashujaa wote sita walipewa jina la msichana huyo mmoja, na kikosi kizima kikaenda kupambana na joka kikiitwa hivyo. Walicheka wiki nzima, kila mtu peke yake, kwa zamu. Walikuwa chanda na pete, na huku wanaonana Jumapili tu.

Waliapa jambo moja. Lango la mwisho, lile la kuingilia kwa mfalme wa giza, hawataligusa mpaka siku watakapokaa bega kwa bega waingie pamoja. Siku hiyo haikupatikana. Mmoja akaoa, mwingine akaoa, kompyuta na kasha vikahamia kwa mama yao, juu ya kabati la nguo.

Baadaye ndipo Makasha alipogeuka kuwa Makasha. Akaja kujua kwamba mchezo ule ulitengenezwa kwa uchache na kasha kama lile watu wanalitafuta kwa tochi. Akaacha pengo rafuni. Hakumwambia mama, hakumwambia mdogo wake; mtu akishaona kitu ni chake, haoni haja ya kuuliza. Mama akafariki. Siku walipokwenda kuondoa vitu vyake, Makasha alivuta kiti, akapanda moja kwa moja mpaka juu ya kabati, akakuta vumbi na katikati ya vumbi mstatili safi.

"Liko wapi?" aliuliza akiwa bado kitini.

"Ninalo mimi," alisema mdogo wake. "Pamoja na mashine."

"Lirudishe."

"La wote wawili, kaka. Kwangu linachezwa."

Mashangazi walikuwepo, majirani walikuwepo, godoro la mama lilikuwa limesimamishwa mlangoni likisubiri kubebwa. Makasha akashuka kitini akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mwizi wewe. Umemwibia hata maiti."

Mdogo wake aligeukia mlangoni. Alishika godoro upande mmoja akangoja mtu ashike upande wa pili. Aliyeshika alikuwa jirani.

Kuanzia hapo hawakusemezana. Kila mmoja alimsubiri mwenzake aanze, na katika kusubiriana huko watoto wao walizaliwa wakaota ndevu. Makasha alijua kosa lake. Alilijua vizuri kabisa, na hilo ndilo linalonikera, maana angekuwa hajui tungemhurumia. Alilijua akaliweka kiporo.

Kisha habari zikaja kwamba mdogo wake anaumwa figo.

"Nenda kamwone ndugu yako," mkewe alisema.

"Ninapokaa anapajua."

"Kwa hiyo mgonjwa ndiye aje?"

"Nitakwenda wiki ijayo."

"Hiyo wiki ijayo yako imeshaota mvi," mkewe alisema, akaenda peke yake na chupa ya uji.

Makasha alikwenda kweli, lakini alikwenda kuzika. Na hapo makaburini, watu wakiwa wanasukuma udongo kwa majembe, kikamwingia kitu ambacho hakikumtoka tena. Ndugu yangu alikufa na neno lile moyoni? Alikufa akiwa na kinyongo, au alikwishanisamehe? Alitaka kujua hilo tu. Chakula kikawa hakipiti, usingizi ukamkimbia, akawa anaweza kushika bisibisi mpaka inapata joto mkononi bila kukumbuka alitaka kufungua nini. Angetoa kabati zima apate jibu. Alijiambia hivyo, na nadhani siku zile alimaanisha.

Wiki chache baada ya mazishi, mjane wa mdogo wake alifika dukani.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji, karibu ndani. Hapana, usikalie hicho, kibovu. Kaa hapa." Akampisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Mwanamke aliweka mapajani kitu kilichovikwa foronya ya maua ya bluu. Kabla hata hajakifunua, Makasha alikijua kwa umbo.

"Alisema lije kwako," shemeji alisema. "Nimelipangusa vumbi tu, sijagusa kitu. Foronya ni ya mto wake, sijaifua bado. Nitaichukua nikija."

Makasha aliweka mkono juu ya foronya. "Shemeji, nikuulize kitu. Aliondoka na kinyongo na mimi?"

Mjane aliweka kasha mezani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mshonaji, mtu aliyezoea kushika pini midomoni. "Yenu yamo humo ndani. Alinikataza nisikwambie, alitaka uyakute mwenyewe. Alisema pia usilifungie. Ulicheze. Halafu utajibu, nami nije nisome jibu lako."

"Nitalicheza."

"Haya, shemeji. Nitakuja Jumamosi."

Alipoondoka, Makasha aligeuza kibao cha mlangoni kikasema pamefungwa, na jua bado kali. Akabeba kasha mpaka chumba cha nyuma, akawasha taa yake, akaanza kumtafuta mdogo wake.

Alimtafuta kama fundi. Akafungua kifuniko taratibu, akatoa kitabu cha maelezo akakipekua ukurasa kwa ukurasa, akatazama pambizoni kama kuna penseli. Akakunjua ramani akaishika mbele ya taa, mwanga ukapita, hakukuwa na mwandiko ila duara la kikombe cha chai pale kwenye milima, na duara hilo lilikuwa la zamani, la kwao wote wawili. Akaingiza kisu chembamba chini ya karatasi ya ndani ya kasha akaibandua kidogo, akachungulia. Akatikisa. Akakagua bahasha za diski, ndani na nje. Alinusa hadi kitabu. Alitafuta barua, kipande cha karatasi, hata mstari mmoja nyuma ya risiti. Diski zenyewe alizipanga pembeni, safi na kwa mpangilio, zisimsumbue wakati anatafuta.

Nikikumbuka hapo natamani ningekuwepo nimpige kofi la mgongo. Lakini ndivyo alivyokuwa. Mtu aliyeshinda miaka akisema mchezo ni kasha, kasha ndilo alilolipekua.

Hakukuta kitu. Akakaa kitako sakafuni, na uchungu ukageuka hasira, kwa sababu hasira alikuwa ameizoea zaidi. Kwa hiyo ndiyo hivyo. Kwa hiyo hata wakati wa kufa hukunipa neno. Umemtuma mkeo aje kunicheza shere dukani kwangu. Haya, kama neno limekushinda, basi kasha si nimelipata?

Akainuka akaanza kazi.

Kazi hiyo aliifanya kwa ustadi wake wote, na ndani ya moyo wake, mahali fulani chini ya hasira, aliifanya kwa heshima, kama mtu anayemwosha maiti. Alichanganya spiriti na maji akasugua kasha lote. Kitambaa chake kilikuwa kimejaa mafuta ya mashine, foronya ilikuwa karibu, laini, basi akachukua foronya. Alinyoosha kona. Alibandika upya karatasi ya ndani. Kisha akageukia diski, maana kwa wakusanyaji diski yenye alama za mtu mwingine ni sawa na shati lenye jasho la mtu mwingine. Zilizokuja na mashujaa wa watu asiowajua zilikuwa zimempitia mkononi tangu zamani, na dawa yake ilikuwa moja: kufuta, kisha kuandika upya kutoka nakala safi, ibaki kama ilivyotoka kiwandani.

Aliingiza diski ya mashujaa mashineni. Ikakwaruza, ikasoma nusu, ikagoma. Ilikuwepo mashine nyingine, ile nzuri iliyoweza kusoma hata diski iliyochoka, lakini ilikuwa juu ya rafu chini ya makasha mengine, na kuishusha ni shughuli. Mashine ikamuuliza kama ana hakika anataka kufuta. Ilikuwa imemuuliza swali hilo maisha yake yote, naye alibonyeza ndiyo kabla haijamaliza kuuliza.

Jioni kasha lilikuwa rafuni, usawa wa macho, pengo limezibwa. Akafunga kufuli. Akapiga picha akaituma kwenye kundi la wakusanyaji na neno moja: Kamili. Simu ikaanza kulia. Mmoja aliandika kwamba hajawahi kuona kasha safi namna hiyo. Mwingine akamwomba awe wa kwanza kufikiriwa siku akitaka kuliachia. Makasha alikwenda nyumbani akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na mkewe alimtazama akila.

Asubuhi yake alikuwa na kawaida moja iliyobaki. Diski ikishaandikwa upya lazima ijaribiwe kama inafunguka. Akaitoa kabatini, akaiingiza mashineni, akangoja. Muziki ule ukaanza, ule wa tarumbeta mbovu, ambao hakuwa ameusikia tangu chumba cha kitanda kimoja. Halafu kioo kikaandika:

HAKUNA MASHUJAA. UNDA KIKOSI KIPYA?

Alisoma mara moja, akasoma tena. Akakumbuka sufuria. Akakumbuka nyumba ya wageni, na jina la msichana likiandikwa mara sita kwenda chini, na yeye akicheka peke yake huku kitanda kikiwa bado na joto la mwenzake. Yenu yamo humo ndani. Ulicheze. Utajibu.

Aliruka akaangusha makasha yaliyokuwa rafuni bila kujali kona zake, akashusha ile mashine nzuri, akajaribu kila alichokijua, na alijua mengi. Ndilo tatizo. Asiyejua angeendelea kutumaini mpaka jioni, lakini Makasha alijua mapema tu kwamba kilichoandikwa juu ya kingine kimekwisha. Aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa sauti. Muuza vifuniko vya simu alikuja mlangoni, akasikiliza, akarudi kwake.

Mkewe aliambiwa yote siku hiyo hiyo.

"Jumamosi mwambie ukweli," alisema.

"Nitamwambia."

"Kama ulivyokwenda kumwona mgonjwa?"

"Nimesema nitamwambia!"

Jumamosi ikafika. Shemeji alikuja na gauni lake la kutokea, kama mtu aliyealikwa. Alikaa kwenye kiti kile kile, akaweka mkoba mapajani, na usoni alikuwa na kitu ambacho Makasha hakukitarajia: alikuwa na furaha.

"Umewakuta?"

Makasha alikuwa amejifunza maneno ya kusema tangu alfajiri. Yakamruka yote. "Nimewakuta, shemeji."

"Wote sita?"

"Wote."

"Umemjibu?"

"Nimemjibu."

"Washa basi nisome. Alinifundisha kuwasha, najua hata pale pa kubonyeza."

"Mashine inasumbua leo," alisema Makasha. "Nangoja spea." Wateja alikuwa amewapa uongo huo mara nyingi mno, ulitoka wenyewe.

Shemeji akashusha pumzi. "Haya, nipe kwa mdomo. Ulikuta anakwambiaje?"

Hapo bado alikuwa na nafasi. Lakini alikuwa amelitamani neno lile tangu makaburini, alikuwa amelala nalo na kuamka nalo, na sasa mtu alikuwa anamuuliza kana kwamba analo. Akalisema.

"Alisema amenisamehe. Yale ya siku ile, ya kumwita mwizi. Alisema yamekwisha, tubaki ndugu."

Lilitoka vizuri, lilisikika la kweli. Yeye mwenyewe, kama angeletewa, pengine angelipitisha kuwa kamili. Ila gundi yake ilikuwa nyeupe.

Simu mezani ikalia, mkusanyaji mwingine kutoka mbali akimsifia. Ikalia tena. Furaha ilimtoka mwanamke usoni polepole mpaka ukabaki uso wa mjane.

"Mimi nilikaa naye wakati anaandika," alisema. "Vidole vilikuwa vimevimba, herufi moja inamchukua pumzi. Anaandika, anafuta, anaandika. Majina hayachukui herufi nyingi, ikawa tabu kupata maneno ya kuenea. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa. Nimeyasoma mpaka yameniganda." Akafungua mkono, akayasema moja moja, kama mtu anayehesabu vifungo. "Kaka. Samahani. Niliiba. Niliogopa. Utalifungia. Kabatini."

Makasha aligeuza simu kifudifudi.

"Hakuwa na la kukusamehe, shemeji. Yeye ndiye aliyekuwa anakuomba. Ilimla miaka yote hiyo. Kisha akawarudisha wote hadi lile lango, akawaacha hapo nje. Alisema hataingia bila wewe." Akageuza shingo. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na kutoka kitini pale kabati la vioo lilionekana lote, na katikati yake, usawa wa macho, nyuma ya kufuli, kasha linang'aa. "Wako wapi?"

"Nimesafisha, shemeji."

"Umesafisha nini?"

"Diski. Nilidhani..." Akaanza kueleza, habari za mashine iliyosoma nusu, habari za barua aliyoitafuta, na katika kuhangaika huko, Mungu amsamehe, akasikia mdomo wake ukisema, "Lakini kasha limetoka kamili. Lichukue wewe. Hakuna lingine kama lile, ukiliuza litakusaidia."

Shemeji alinyanyuka. Hakupaza sauti, pengine angepaza ingekuwa nafuu.

"Nipe foronya yangu."

Makasha alitazama huku na huku kama haelewi neno hilo. Kisha akainama chini ya meza, akaitoa kwenye ndoo ya vitambaa vichafu. Ilikuwa nyeusi na imekakamaa, maua hayaonekani. Akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mwanamke aliipokea, akaikunjua, akaipeleka puani pale palipokuwa panalala kichwa cha mumewe. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, mahali pengine. Spiriti tupu.

"Na hii pia," alisema. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaitia kwenye mkoba, akatoka.